Kusafiri nje na insulini: pochi ya maji, deli la jeli, chupa ya chai au kifriji cha chaji, ubebe ipi?

Naandika kwa ajili ya watu wetu wanaojiandaa na umra, hija, safari ya Muscat, London, popote pale, na wanachoma insulini, maana swali ni lile lile kila msimu, jamani nibebe na nini isiniharibikie njiani, na jibu wanalopewa mara nyingi ni "weka barafu", basi imeisha hiyo. Hilo jibu linaniuma kweli, kwa sababu insulini ikipata joto la nyuzi 32 masaa mawili matatu bado inafanya kazi, lakini ikiganda mara moja tu afu ikayeyuka hiyo ni ya kutupa, haijalishi ni mpya au umeinunua bei gani, na unaweza kuishika ukaitazama ukaona iko safi kabisa kumbe nguvu imeshapotea. Kwahiyo mimi kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye chombo chochote cha kubebea ni je, hiki kinaweza kuigandisha? Joto linakuja la pili.

Afu kabla hujatoa hela kununua chochote jua kwanza unalinda nini. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, hapo inafika hadi tarehe iliyoandikwa kwenye boksi. Ukishaitoa ukaanza kuitumia, nyingi zinaruhusiwa kukaa nje siku 28 mradi joto lisipite nyuzi 30, Lantus iko hivyo, NovoRapid iko hivyo, Humalog iko hivyo. Levemir inaenda wiki 6, Tresiba wiki 8. Hizi za kichupa ambazo wengi wetu ndo tunapewa, Mixtard, Actrapid na wenzake, kuna karatasi inasema nyuzi 25 na nyingine inasema 30 na wiki nazo zinatofautiana, so toa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi LAKO uisome, usitumie ya jirani.

Sasa umeona hiyo inamaanisha nini. Mtu anayeenda umra wiki mbili, insulini yote atakayochoma itaisha ndani ya zile siku 28. Huyu hahitaji ubaridi wa friji njiani, anahitaji tu isipite 30 na isigande, na hiyo ni kazi nyepesi sana ukilinganisha na kuishikilia kwenye 2 mpaka 8 masaa 20. Anayeenda kukaa kwa mwanae London miezi mitatu amebeba vichupa vya miezi mitatu, huyo ndo anahitaji ubaridi wa kweli mpaka afike kwenye friji. Watu wawili tofauti kabisa, na wote wanaambiwa weka barafu.

Na hata ikitokea joto limepita kidogo, usiingie hofu ukatupa dawa yote ukabaki bila kitu nchi ya watu, hapo ndo hatari yenyewe. Kuna kazi ilifanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ikatoka 2021, walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya, usiku kama 25 mchana mpaka 37, wakaenda kuirudia hali hiyo hiyo maabara wiki 4 kwa insulini za aina mbalimbali, nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Mapitio ya Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya 2023 nayo yalifika karibu na hapo, kwamba vichupa vya baadhi ya insulini za binadamu (human) ambavyo havijafunguliwa vinaweza kustahimili mpaka nyuzi 37 kwa kama miezi miwili bila kupoteza nguvu ya kumdhuru mgonjwa. Sisemi sasa muiache juani, wala dashibodi ya gari sio 37, gari lililoegeshwa Jeddah mchana linapita huko mbali sana. Nasema joto linakupa muda wa kutafuta suluhisho, barafu haikupi.

Haya tuje kwenye vyombo.

Nianze na pochi ya maji kwa sababu ndo ninayoipenda na ndo ambayo watu hawaielewi. Inayojulikana zaidi ni FRIO, inatengenezwa Wales huko Uingereza, lakini saivi ziko za kampuni nyingi. Ni kipochi cha kitambaa, ndani ya kuta zake kuna punje ndogo ndogo kama chumvi ya mawe, unaiingiza kwenye maji ya bomba dakika kadhaa, punje zinakunywa maji zinavimba zinakuwa jeli, unaifuta nje na taulo, unaweka insulini ndani, basi. Haihitaji friji, haihitaji umeme, haina barafu hata chembe, na HAIWEZI kugandisha insulini, hilo kwangu ni pointi kubwa kuliko zote. Mtengenezaji anasema inapoza karibu siku mbili kabla ya kuloweka tena. Inapoza vipi? Kwa maji kukauka, ile ile kanuni ya mtungi wa bibi, maji yakiondoka kwenda hewani yanachukua joto.

Ila hapo hapo kwenye kukauka ndo kuna kona, na kona yenyewe inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko mtu yeyote. Maji yanakauka haraka pale hewa ilipo kavu. Makkah, Madina, Riyadh, hewa ni kavu, joto likiwa nyuzi 40 na unyevu wa hewa asilimia 15 kitu kilicholowa kinaweza kushuka mpaka kama nyuzi 21, yaani unatembea kwenye tanuri na insulini yako iko kwenye joto la asubuhi ya Arusha. Sasa njoo Dar mwezi wa tatu, nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, kitu hicho hicho kilicholowa hakiwezi kushuka chini ya 28 hivi, hata ufanye kila kitu sawasawa. Bado iko chini ya 30, sawa, ila umebaki na nafasi ndogo sana na kiuhalisia pochi haifiki kule chini kabisa. Mombasa hivyo hivyo, Zanzibar hivyo hivyo. Muscat na Dubai watu wanadhani kwa vile ni jangwa basi ni kavu, hapana, pale ni bahari, kuanzia mwezi wa sita fukuto lake linashinda la kwetu. Na Jeddah, ambako ndo mahujaji wetu wengi wanashukia, ni pwani ya Bahari ya Shamu, ina fukuto, lakini Makkah ambayo ni kama kilomita 70 hivi kutoka hapo hewa imeshakauka. Kwahiyo pochi moja, siku moja, inaweza kuwa dhaifu Jeddah na hodari Makkah. Muuzaji hatakwambia hivyo.

Kingine, pochi inataka hewa. Ukiitia kwenye mfuko wa nailoni ukafunga, au ukaizika katikati ya nguo kwenye begi, haipozi, inabaki tu imelowa. Iachie nje, ining'inize begani, iweke mfuko wa pembeni wa begi wenye wavu. Na usiiloweke kupita kiasi, Madina nilikuwa nailoweka ya mama kwenye sinki la hotelini, nikawa naibonyeza bonyeza, pale mwanzo zile punje zinakwaruza vidoleni kabisa, baada ya dakika chache zinateleza kama uji wa sago, ndo hapo pa kuitoa, ikizidi inajaa inakuwa ngumu kama mto na peni ya insulini haiingii tena, unabaki unasukuma.

Mpinzani wa pochi ni deli, au vile vibegi vya zipu vyenye karatasi ya fedha ndani na pakiti za jeli za kugandisha. Hivi ndo vimejaa madukani, famasi nyingi zinakuuzia, na kwa safari ya siku moja ukiwa na vichupa vingi ambavyo havijafunguliwa vinafanya kazi ambayo pochi haiwezi, vinaishusha kweli mpaka kwenye 2 mpaka 8. Fukuto haliwasumbui, iwe Dar iwe Muscat jeli ni jeli. Ubaya wake ni ule niliosema mwanzo. Pakiti ikitoka friza iko kama nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiibandika moja kwa moja na kichupa cha insulini umekiua, na wengi ndo wanafanya hivyo, tena wanaweka mbili, juu na chini, kwa nia njema kabisa wakidhani wanaongeza ulinzi.

Manesi wa chanjo wanajua hili kuliko sisi. Wao kabla ya kupakia vipakiti vya barafu kwenye kile kisanduku chao cha kubebea chanjo wanaviacha nje kwanza mpaka vitoke jasho, wanatikisa, wakisikia maji yanacheza ndani ndo wanapakia, maana barafu iliyoanza kuyeyuka iko kwenye sifuri, haiko kwenye 18 chini. Fanya hivyo hivyo. Toa pakiti friza, iache mezani mpaka ilegee kidogo, ifunge kwenye taulo au kanga, insulini nayo ibaki kwenye boksi lake la karatasi, na kati yao weka kitambaa kingine. Na ununue kipimajoto kidogo cha dijitali, vile vya kuweka kwenye friji, hakina gharama kubwa, kiweke ndani pale pale ilipo insulini. Mimi naona kama huna kipimajoto basi usitumie jeli iliyoganda kabisa, heri pochi.

Tatizo la pili la deli ni baada ya siku moja. Jeli imeyeyuka, unaigandisha wapi? Uko transiti Addis au Doha masaa tisa, hakuna friza ya abiria. Hoteli nyingi kifriji cha chumbani hakina friza. Unampa mtu wa mapokezi akuwekee jikoni, anaweka, afu zamu inabadilika na mwenzie hajui ni ya nani. Pochi hapo imeshinda, inataka maji tu, na maji yapo msikitini, yapo uwanjani, yapo kila mahali.

Chupa ya chai. Hii ni ya watu wasiotaka kununua kitu kipya na naiheshimu, ile ya chuma yenye mdomo mpana, thamosi ya kweli sio ile ya plastiki. Watu wanakosea kudhani inapoza, haipozi, inachofanya ni kuchelewesha tu, ukiingiza kitu cha nyuzi 22 na nje ni 42 kitapanda taratibu sana. Kwa hiyo ni nzuri kwa kipande cha safari, nyumbani mpaka uwanjani, uwanjani mpaka hotelini, basi la Makkah kwenda Madina, ndani ya gari. Unamwaga maji ya baridi sana ndani, unaacha dakika kumi na tano, unamwaga yote, unakausha vizuri na kitambaa, unaweka peni zikiwa zimefungwa kwenye soksi safi au leso. Bila barafu haiwezi kugandisha. Ukitaka iende mbali zaidi weka vipande viwili vya barafu kwenye kimfuko kilichofungwa, chini kabisa, kitambaa juu yake, ndo insulini. Ikifika kwenye ukaguzi hakikisha hamna maji ndani yanayomwagika mwagika, wataifungua, ndo kawaida.

Ukilinganisha chupa na pochi kwa fukuto la kwetu, Dar mpaka uwanjani kwenye foleni ya Tazara, chupa inashinda. Ukilinganisha kwa siku nzima ya kutembea juani Makkah, pochi inashinda kwa mbali, kwa sababu chupa inazidi kupata joto na pochi inazidi kupoza. Mimi nabeba zote mbili, uzito wake ni mdogo, na zinasaidiana.

Kifriji cha chaji. Hivi ni vile vidogo vya kuchomeka USB, vinabeba peni kadhaa, kuna na taa inakuonyesha joto. Vinavutia na kwa mtu mwenye insulini ya miezi mitatu ambaye anaunganisha ndege mbili naelewa kabisa kwa nini anakitamani. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, vingi vya bei ya chini vinapoza kwa kutofautiana na joto la nje, vinashusha kama nyuzi 15 mpaka 20 kutoka pale hewa ilipo. Chumbani kwenye 25 utapata 8, safi. Nje kwenye 45 utapata 25 au 30, na umebeba kilo nzima ya chombo kufanya kazi ya kipochi cha kitambaa. Vile vya hospitali vyenye nguvu zaidi vipo ila bei yake sio ya kila mtu.

La pili ni umeme wa njiani. Kifriji kinataka pawabenki, na pawabenki kwenye ndege ina sheria zake, ibebwe mkononi tu kamwe isiende begi la chini, na isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu yake rahisi, chukua ile namba ya miliampia-saa zidisha kwa 3.7 gawanya kwa 1000, so ya 20,000 ni 74, iko sawa, ya 27,000 iko ukingoni kabisa, ya 30,000 ni 111 hiyo itakuletea shida. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wamekataza kutumia pawabenki ndani ya ndege, unaruhusiwa kuibeba moja ila sio kuchajia kitu nayo, na mashirika mengine nayo yamekaza. Kwahiyo kama mpango wako wote ulikuwa kifriji kiendeshwe na pawabenki kutoka Dar mpaka London kupitia Dubai, huo mpango umeshavunjika, piga simu shirika lako uulize kabla hujanunua. Kifriji kinachoweza pia kutumia pakiti ya jeli umeme ukikosekana ndo cha kufikiria, kile kinachotegemea umeme peke yake mimi sikishauri kwa safari ndefu.

Ndani ya ndege kwenyewe wala pasikuumize kichwa, kabini ni baridi ya kutosha, unaomba blanketi wewe mwenyewe. Cha msingi insulini iwe na wewe juu, kwenye begi la mkononi. Begi linaloenda chini linaweza kupata baridi ya kugandisha, linaweza kuachwa uwanja mwingine siku tatu, na hapo uko nchi ya watu bila dawa. Na usimpe mhudumu akuwekee jikoni kwao, mashirika mengi hayakubali na hata wakikubali kule wanatumia barafu kavu kupozea chakula, hiyo ni baridi kali mno, inagandisha. Kama mko wawili gawaneni, nusu kwako nusu kwa mwenzio, begi moja likipotea lingine lipo. Beba mara mbili ya unayohitaji.

Kwenye ukaguzi, insulini na jeli zake hazihesabiwi kwenye ule ukomo wa mililita 100, Uingereza, Ulaya na Marekani wote wanaruhusu dawa na pakiti za kupozea dawa, ila waambie mapema kabla begi halijaingia mashine, na uwe na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la dawa lenyewe, sio jina la biashara tu, na sindano zitajwe. Ile mashine ya mabegi haiidhuru insulini. Wenye pampu au kitufe cha kupima sukari mkononi hao waulize mtengenezaji, baadhi havitakiwi kupita mashine.

Ukifika hotelini watu wanapumua, ah kuna friji. Subiri kwanza. Hoteli moja tuliyokaa na mama kifriji kilikuwa kinazima kila ukichomoa kadi ya mlangoni, unatoka kwenda swala asubuhi, unarudi baada ya isha, chupa ya maji ndani ina joto kama ya kabatini. Omba kadi ya pili uiache kwenye kile kitundu. Na vile vifriji vya vinywaji vingine havifiki hata 8, vinakaa 12, 15, ambayo kwa safari fupi sio mbaya kabisa, mbaya ni kile ambacho ukuta wake wa nyuma unaota barafu. Weka kipimajoto usiku mmoja, insulini ikae mlangoni au rafu ya mbele ndani ya boksi lake, isiguse ukuta wa nyuma, na isikae kwenye kile kikabati cha juu cha kugandishia. Kama kifriji hukiamini, chumba chenye kiyoyozi kikiwa 24 ni salama kuliko friji usiyoielewa, iweke kwenye droo mbali na dirisha.

Kuna na wale wanaokuja upande wa huku, ndugu zetu wa Oslo, Birmingham, Toronto, wanarudi likizo wanaenda kusalimia bibi kijijini ambako umeme unakatika au haupo. Hao deli lao litawafikisha nyumbani, baada ya hapo mtungi wa udongo uko pale pale, mkubwa na mdogo, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu, uwekwe kivulini penye upepo. Kanuni ni ile ile ya pochi na udhaifu wake ni ule ule, Dodoma, Singida utafurahi, Pemba kipindi cha masika utapata kidogo.

Na wale wa baridi, Toronto au Minneapolis Januari, wao wageuze kila kitu nilichosema. Huko nje ndo friza. Pochi na deli waache ndani, insulini ivaliwe, mfuko wa ndani wa koti, sio begi la mgongoni na sio buti la gari.

Hija naitenga kwa sababu ni safari ya peke yake. Mwaka 2024 Makkah ilipimwa nyuzi 51.8 kwenye Msikiti Mtukufu na serikali ya Saudia ilitangaza mahujaji 1,301 walifariki, wengi wao walitembea mbali juani bila kivuli. Pale mwenye kisukari anapambana na mambo mengi kuliko insulini yake tu, joto linaifanya insulini iingie mwilini haraka, unatembea sana, sa'yi peke yake ni zaidi ya kilomita 3, sukari inashuka ghafla, kwa hiyo tende na juisi ziwe mfukoni sio hotelini. Sasa chombo gani? Mina kuna mahema yenye kiyoyozi, ila Arafa mchana kutwa na usiku wa Muzdalifa unalala chini ya mbingu, hakuna friji, soketi ya chaji ni ya kugombania, barafu utaipata lakini huijui. Deli hapo ni mzigo, kifriji ni mzigo zaidi. Pochi ya maji, hewa kavu, maji yapo, imetulia kabisa. Beba unayotumia siku hizo tu, iliyobaki iache hotelini Makkah. Na kipimasukari nacho kiingie humo kwenye kivuli, vile vijiti vyake vingi havitaki kupita nyuzi 30 na mashine ikipata joto sana inagoma kusoma, ila vijiti visilowe, viweke kwenye kichupa chake kilichofungwa vizuri.

Kwahiyo ningekuwa mimi ndo nakupakia begi. Umra wiki mbili, pochi na chupa ya chai, usinunue kingine. Hija, pochi mbili, moja ikikauka nyingine imeshalowekwa. Muscat, Dubai, au Zanzibar na Mombasa kwa anayekuja, kibegi cha jeli iliyolegezwa na kipimajoto ndani, halafu kiyoyozi cha chumbani, pochi iwe ya akiba. London au Marekani miezi mitatu na vichupa vingi, deli la jeli zuri, nene, jeli iliyotoka jasho, na chagua ndege yenye transiti fupi hata kama nauli imezidi kidogo, masaa manne badala ya kumi na moja ni kinga kubwa kuliko kifriji chochote. Kama hela ipo na transiti ni ndefu, kifriji chenye njia mbili, umeme na jeli.

Huko njiani ikikutia wasiwasi iangalie kwenye mwanga. Ile inayotakiwa kuwa safi kama maji ikionekana na ukungu au vinyuzi, usichome. Ile ya maziwa, ya kuchanganya, izungushe taratibu viganjani, ikibaki na mabonge au kama theluji imeshika ukuta wa kichupa, usichome. Na ikionekana nzima lakini sukari inapanda siku mbili na chakula ni kile kile, fungua nyingine. Ukilazimika kununua huko huko nenda na boksi tupu, hakikisha imeandikwa yuniti 100 kwa mililita kama yako, kwa sababu zipo za 300 na kuna nchi bado zina za 40 na sindano zake, ukichanganya dozi inabadilika.

Siku unayotoa kichupa au peni kwenye friji kuanza safari chukua kalamu ya maka, andika tarehe juu yake, kwenye kichupa au peni yenyewe sio kwenye boksi, maana boksi utalitupa. Zile za akiba ambazo zilikaa nje safari nzima usizirudishe kwenye friji ukifika nyumbani ukazichanganya na za zamani ukadhani bado zina mwaka, zile siku 28 zilishaanza kuhesabu tangu siku ulipozitoa, anza kutumia hizo kwanza.